Bega la Mbuzi na Tishu Nne

Miaka ya tisini, wenzangu wakichumbiwa kwa soda na kadi za maua, mimi nilichumbiwa kwa tishu. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa bayolojia Thika. Jumapili tukikaa hotelini kunywa chai, alinishika mkono, nami nikadhani sasa mapenzi yameanza, kumbe ananionyesha ngozi. Mwili wote huu, aliniambia, ni tishu aina nne tu. Kuna ya kufunika, kama ngozi na utando wa mdomo. Kuna ya kuunganisha: mifupa, kano, mafuta, hata damu. Kuna ya misuli, inayovuta, na ya neva, inayopeleka habari. Mandazi yalipoa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa kila Jumapili.

Baba hakumpenda. Alikuwa mtu wa jembe, huko kwetu Gatongora, na kwake mwanamume wa maneno mengi hana mikono. Hakumkataza kuja, alimnyamazia tu. Mwaka mzima alimwita "yule". Niliogopa sana kuolewa baba akiwa amenuna, maana mama alishafariki na sikuwa na mzazi mwingine wa kunibariki.

Ikafika siku ya ngurario, harusi yetu ya kimila. Kwetu Wakikuyu, bwana harusi hukata kiande, yaani bega la mbuzi wa kuchoma, mbele ya wazee, akampa bibi harusi ale. Akishakula, ni mke. Kisu lazima kipite kwenye kiungo. Ukigonga mfupa ni aibu, watasema huyu atalishaje nyumba. Mwanamume mwingine angekata akakaa. Wangu alishika kisu, akaona watu wote wanamtazama, na ualimu ukampanda.

"Tukiangalia hapa," akaanza, "ile ya kufunika imetoka na ngozi. Hii nyama yenyewe ni misuli. Hii nyeupe ni kano, inashika misuli na mfupa..."

"Haiya! Mwalimu, sisi si Form Two," shangazi yangu, ambaye wote tulimwita tata, akamkatiza. "Kata nyama, tuko na njaa."

"Nakata, tata. Nilitaka tu kuwaonyesha neva, ingawa ikishachomwa ni ngumu ku..."

Kisu kikateleza, kikamwingia kidoleni.

"Sasa umeiona hiyo neva?" shangazi akauliza, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Naye, damu ikidondoka na uso umemkunjamana, akamjibu kwa heshima zote: "Nimeiona, tata. Na hii damu pia ni tishu ya kuunganisha."

Mimi sikucheka. Nilimtazama baba. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanamtetemeka, nikajua hasira zimefika mwisho. Kofia ilipotoka, alikuwa anacheka mpaka machozi, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike mama. Akasimama, akatoa leso mfukoni, akamfunga kidole kwa mikono yake mwenyewe, polepole, akakaza fundo.

"Kata, mwanangu," akamwambia. "Hilo somo utamalizia kwako."

Kisu kikapata kiungo mara moja. Nilikula ile nyama nikilia mbele ya watu wote, na wageni wa upande wa bwana harusi wakaanza kunong'onezana kwamba huyu msichana labda amelazimishwa.