Kimto cha Kanga kwenye Gitaa la Baba

Nyumbani kwetu Samuye kulikuwa na vitu viwili ambavyo hukuruhusiwa kuvigusa ukiwa na mafuta mikononi: Biblia ya bibi na gitaa la baba. Kwa Biblia ungeweza kusamehewa.

Gitaa hilo alilinunua Geita, enzi zake za machimbo, kwa mtu aliyekuwa anahama na hakutaka mzigo. Lina rangi ya asali, na vanishi yake ni ya kizamani, laini, ile ambayo ukiikandamiza kwa ukucha inabaki na alama. Baba alilifuta kila Jumamosi kwa pamba ya shambani aliyoitoa mbegu mwenyewe. Sisi watoto wake sita tulikua na makovu magotini na hakuna aliyetufuta kwa pamba.

Geita ilimpa gitaa, ikamchukulia masikio. Alifanya kazi miaka mingi kwenye karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu, na kelele zake zikamla taratibu. Mwaka juzi ikawa lazima umsogelee sikioni na kupaza sauti. Hakulalamika. Alilitundika tu gitaa ukutani. Nilipomuuliza mbona hapigi tena, akanijibu, "Napiga nini? Kidole kinagusa waya, sisikii kitu. Bora nikachunge." Jamani, niliumia. Mimi nimelelewa na lile gitaa.

Sasa mimi nauza vifaa vya simu Shinyanga mjini, nikaona dawa ninayo dukani. Kuna kimaiki kidogo ambacho wahubiri hukibana kwenye kola. Waya wake unaingia kwenye kispika cha kuchaji, na kwenye kispika unachomeka hedifoni. Ukikibana kwenye gitaa, sauti inakwenda moja kwa moja masikioni. Nikafunga safari siku hiyo hiyo.

Baba alikigeuza kibanio cha kimaiki, akakiangalia meno.

"Hivi vimeno vinakwenda wapi?"

"Hapa, pembeni mwa tundu la gitaa," nikampazia sauti sikioni.

"Juu ya vanishi? Hapana."

"Ni kwa muda tu, Baba!"

"Hata mwizi huingia kwa muda tu."

Mimi kwa ubishi sijambo. Nikamwahidi nitayavika yale meno kitu laini. Na kwetu, kitu kikitaka kufungwa au kushikwa, ni tyubu ya baiskeli. Kuku wa mnadani anafungwa kwa tyubu, godoro kwenye keria kwa tyubu, mlango wa banda la mbuzi kwa tyubu. Nikakata vipande viwili vya mpira, nikayavika meno, nikabana. Baba akapapasa, akatikisa kichwa kukubali. Tyubu hata yeye anaiamini. Kispika hakikuwa na chaji na umeme ulikuwa umekatika, nikasema tutajaribu Jumapili. Kimaiki nikakiacha palepale kwenye gitaa, chumbani, chini ya bati, na jua la kwetu kabla ya mvua mnalijua.

Jumapili nilipokibandua, mpira ulikuwa umeshikana na vanishi. Ikabaki alama nyeusi, pana kama kidole gumba, na ukiigusa inanata.

Baba hakugomba. Angegomba ningepata nafuu. Aliniambia, "Umeliunguza," kisha akalirudisha ukutani, uso ukaangalia ukuta. Nikajua basi, hapo hakitagusa kitu tena, naye hatapiga tena mpaka kufa, na aliyeyafanya yote hayo ni mimi na haraka zangu. Nilikwenda kulia chooni, mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili.

Mama hakuwahi kuulizwa lolote kuhusu gitaa. Siku hiyo hakungoja kuulizwa. Alichana kanga yake kuukuu, iliyofuliwa mpaka maua hayaonekani, akaweka ndani ile pamba ya baba, akashona kimto kidogo cha kukunjwa katikati, kikae kati ya meno na gitaa. Akamwinamia baba sikioni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Nguo hii imebeba watoto wako sita mgongoni. Nani alichubuka?"

Mama akaongeza kwamba kimto kijaribiwe kwanza nyuma ya shingo ya gitaa, pasipoonekana, kiachwe siku mbili kwenye joto lilelile. Siku ya tatu baba mwenyewe ndiye aliyekitoa. Akapaangalia, akapapasa, akaenda kupaangalia tena juani. Hakukuwa na alama.

"Kupiga tu," akaniambia. "Nikimaliza, kinatoka. Hakilali hapo."

Ilikuwa alasiri. Mama alikuwa mkekani anamenya karanga. Baba akavaa hedifoni, akagusa waya mmoja, akaruka. "Mayu wane!" akamwita mama yake kwa Kisukuma. Akagusa tena, akacheka peke yake kama mtu aliyetekenywa. Kisha akaanza wimbo ule wa kupalilia pamba ambao vijana wa zamani walipokezana shambani, mmoja anaanza, wengine wanaitikia.

Katikati akaacha. Akavua hedifoni, akatazama mlangoni, akazivaa tena, akapiga. Akaacha.

"Nani anaitikia?"

Nikamwonyesha mama, na karanga zake.

"Ameanza lini?"

Mama alijivuta mkekani mpaka kwenye gitaa, akainama kwenye kimaiki, akamwambia taratibu, bila kupaza sauti, "Sijawahi kuacha. Wewe ndiye uliyekuwa hunisikii."

Baba alishusha macho. Akaweka mkono juu ya nyaya, akaniambia nikihamishie kimaiki upande wa pili wa tundu, alikokaa mama. Nikaanza kukikunja kimto vizuri, nisije nikagusisha jino kwenye vanishi, taratibu, kama alivyotaka yeye.

"Achana na vanishi, mwanangu," akasema. "Bana hapo. Mama yako anaimba."