Uso wa Mama Mkwe

Kwetu Bungoma, mwanamume hamkodolei macho mama mkwe wake. Mnasalimiana kwa mbali, wewe unaangalia kuku, yeye anaangalia mahindi. Basi nifikirie mimi, ninayehariri picha kwa kompyuta katika kibanda changu hapa Kitale, siku mke wangu aliponiletea picha ya mamake. Alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, huko Misikhu, na walitaka picha kubwa ya kutundika. Uso wake ulijaa skrini nzima. Nilifanya kazi nikitazama kando kama mwizi.

Nilifuta vumbi tu, nikamtumia mama mkwe kwa simu aione kabla sijachapisha. Jioni akampigia mke wangu.

"Mwambie huyo bwanako mimi siko mweusi hivi. Hata mimi niko na kioo. Akishindwa, nitapeleka kwa yule wa Webuye."

Nilikasirika, kwa sababu rangi ya uso sikuwa nimeigusa. Lakini mama mkwe wangu mwenyewe akipeleka picha Webuye, nani Kitale ataniletea yake?

Kosa lilikuwa la ukuta. Mke wangu alimpiga picha mbele ya ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa juzi, mweupe pe. Jicho halipimi rangi ya kitu peke yake; linakilinganisha na kilicho kando yake. Weka uso mbele ya weupe, utaonekana umeungua. Uweke uo huo mbele ya giza, utang'aa. Sasa mimi nani nimwambie mama mkwe kwamba macho yake yanamdanganya? Nikafunga mdomo, nikaugeuza ukuta kuwa bluu nzito. Uso nikauacha vilevile.

"Umempaka krimu?" mke wangu akauliza. Nikazifunika kuta za picha zote mbili, ya kwanza na hii mpya, kwa vipande vya karatasi, zikabaki nyuso tu, rangi moja. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtumia mamake ile mpya.

Kesho yake simu ikalia, akaiweka kwa spika.

"Sasa hapo ameniona," mama mkwe akasema. "Lakini hiyo kovu ya kidevu, mbona hajatoa?"

Kichwa kilikuwa kimenivimba kwa sifa. Nikadakia kutoka nyuma, "Mama, kidevuni hakuna kovu. Liko juu ya nyusi ya kushoto."

Mke wangu akajifunika uso kwa leso.

"Ehe," mama mkwe akasema polepole. "Basi mwambie, kwa vile ameshaniangalia mpaka nyusi, apunguze na mashavu."