Risasi ya Betri

Harufu ya risasi inayoyeyuka haifanani na harufu nyingine. Nasema risasi yale madini yenyewe, mazito mkononi, kabla hayajawa kitu cha kuua. Ukitia kipande cha mshumaa ili uchafu upande juu, inatoa moshi wa mafuta, kama jirani wa nyumba ya tatu kasahau nyama motoni. Harufu hiyo niliinusa mwisho nikiwa mtoto, Tabora, nikaja kuikuta uzeeni huku Toronto, Rexdale, kwenye gereji ya Brayani, mzungu aliyemuoa binti yangu Kabula. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, mlango wa gereji uko wazi nusu, na yeye kainamia sufuria ndogo ya chuma kama mzazi anayepikia uji mtoto wa kwanza. Nikasimama pale na koti langu.

Brayani ana bastola ya kizamani, ile aina unayoijaza mwenyewe tundu moja moja: baruti kwanza, halafu gololi ya risasi, unaishindilia kwa mkono wa chuma uliofungwa chini ya mtutu, mwisho unavika nyuma fataki ya kuwashia baruti. Jumamosi anakwenda klabu na wazee wenzake, wanatoboa karatasi, wanarudi na masizi usoni kama wauza mkaa, na furaha tele. Siku hiyo alikuwa ameyeyusha vile vipande vidogo vya risasi vinavyobandikwa kwenye matairi gari lisitikisike, maana fundi anampa bure. Gololi zikatoka ngumu. Ya risasi laini ukiisukuma inakubali, inanyolewa ukingo mwembamba kama pete, inakaa. Ile ilikataa. Akaegemea kwa nguvu zake zote, mkono wa chuma ukapinda. Akacheka, akanichorea kwa ukucha nione: laini inachorika, ngumu haichoreki. Kiswahili chake anakivutia puani: "Siyo mimi, Maama. Siyo bastoola. Ni risasi tuu." Mimi hucheka hata msibani, lakini hapo sikucheka.

Baba yangu alikuwa na gobore. Aliwinda nguruwe pori na pofu, yule swala mkubwa, na nyumba nzima ilikula kwa mtutu ule. Shule hakunipeleka, alisema shule ni ya kaka zangu, lakini kuyeyusha risasi alinifundisha mimi, kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Nilijua kumimina kwenye kalibu bila kumwaga, nilijua kusubiri ipoe, nilijua kukata kikia cha gololi kwa kisu. Risasi laini tuliipata kwa mafundi wa reli, maganda ya nyaya za simu. Baba aliniambia zaidi ya mara moja, kwa ile sauti yake ya kukoroma: "Ya betri usiguse. Ya betri ni ngumu, inavimba kwenye kalibu, itakwama njiani." Nami nilikuwa na miaka tisa au kumi, na nilitaka bangili. Wenzangu walikuwa nazo za shaba. Mwaka ule mvua zilipokatika, Baba akijiandaa kwenda porini, nilichukua kipande kizuri cha risasi laini, nikakigonga kwa jiwe mpaka kikawa bangili, nikakivaa juu ya kiwiko, chini ya kanga. Gololi zikapungua. Nikazijaliza kwa kuyeyusha sahani za betri la lori lililokufa nyuma ya duka la Mwarabu. Kwa macho zilifanana. Baba aliniamini, hakuzipitishia ukucha.

Siku ya tatu walimrudisha kwenye machela. Gololi ilikuwa imekwama katikati ya mtutu, yeye akashindilia kwa mdeki, ule mti wake mrefu, akadhani imefika chini juu ya baruti. Alipofyatua, mtutu ukapasuka kama bua la mtama, ukaondoka na vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Kwetu mwindaji akiwa porini, mkewe hatakiwi kulala na mwanamume mwingine. Akifanya hivyo, bunduki inamgeukia mume. Hakuna aliyeutazama mtutu. Walimtazama Mama. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa na sauti nyembamba ya mbuzi jike, naweza kuiiga mpaka leo, "Mwacheni aseme, mwacheni aseeeme alikuwa na nani," na huku hamwachi aseme. Wakakaa uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mama akaapa. Wakaguna. Ndipo akanigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe umelala na mimi siku zote tatu. Waambie."

Ni kweli, nililala naye, mguu wangu juu ya tumbo lake. Lakini niliona nikifungua mdomo wataanza kuniuliza, na wakiniuliza moja watauliza la pili, watafika kwenye gololi, watafika kwenye bangili iliyonibana pale pale chini ya kanga. Nikatazama chini. Shangazi akasema mtoto kanyamaza, mmejionea wenyewe. Asubuhi yake Mama akafunga mzigo akarudi kwao. Huko nako walimwita mwanamke aliyepasua bunduki. Alikufa na jina hilo. Bangili niliitupa chooni wiki hiyo hiyo, kama kwamba hilo lilikuwa na maana.

Haya nilimwambia Brayani palepale gerejini, na Kabula, aliyekuwa katoka ndani, akimtafsiria, kakunja mikono. Alipofika kwenye betri akaacha kutafsiri. Mnielewe, huyu binti nilimlea peke yangu, na kila alipochelewa kurudi nilimwambia asije akarithi ya bibi yake. Nilimwambia Tabora, nikamwambia Toronto, nikamwambia hata siku ya kuposwa, kwa utani wangu ule watu wanaoupenda. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo Bibi hakuwa na mtu?" Nikasema hakuwa. Akasema, "Na uliyeniambia ni wewe," akaingia ndani.

Brayani aliagiza mkono mwingine wa chuma, ukaja kwa posta kwenye boksi dogo, akaufunga kwa bisibisi. Sasa risasi yake laini kaiweka kopo hili, ngumu kopo lile, kila moja na karatasi yake. Chuma kikipinda huku, mtu anatazama chuma. Kwetu palikuwa na chuma kilekile na ukucha uleule, na mtoto mmoja anayejua, wakamfukuza mwanamke. Nasema wao, lakini wao hawakujua. Kabula zamani alinijibu Kiswahili hata mbele ya wageni. Tangu siku ile ananijibu Kizungu, kwa adabu kabisa, kama anavyomjibu mteja kazini. Nami sina wa kumtuma kwa Mama akaniombee radhi.