Fundi wa Baridi na Wakwe Zake

Pale kituo cha darubini, juu mlimani, tulimwita Profesa. Alikuwa fundi wa mitambo ya baridi, tena wa kawaida tu. Jina tulimpa kwa kejeli. Yeye akalivaa kama suti ya harusi.

Kamera ya darubini ile, kubwa kama gari dogo, haioni nyota hafifu mpaka ipoozwe kupita friza yoyote. Ikipata joto kidogo, picha hujaa chenga. Kwa hiyo macho yake, vile vipande vinavyonasa mwanga, yalifungiwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote, na kompresa ikazungusha gesi ya heliamu bila kupumzika ili kuyapooza. Kazi ya Profesa ilikuwa kusikiliza kompresa, kubadilisha vichujio, na kutogusa valvu ya chombo. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda.

Wakwe zake alikuwa amewaambia kwamba darubini nzima iko mikononi mwake. Mkewe, mwalimu wa chekechea asiyependa makuu, aliinuka kwenda kuosha vyombo kila majigambo yalipoanza, hata kama vyombo vilikuwa safi.

Asubuhi moja mhandisi mkuu, mama mmoja mkimya, aliteremka mjini kikaoni. Profesa akaona nafasi ndiyo hii. Akawaleta baba mkwe, mama mkwe na shemeji yake, akawapokea ndani ya koti jeupe la mtu mwingine, mikono ikimfika kwenye kucha.

"Sasa baridi yenyewe iko wapi?" shemeji akauliza, kiganja juu ya chombo. "Mbona hiki ni vuguvugu?"

Angeweza kueleza kwamba chombo kisicho na hewa hakipitishi baridi nje, kama chupa ya chai isivyopitisha joto. Lakini maelezo yangemchelewesha kusifiwa.

"Subiri uisikie," akasema, akachukua spana, akalegeza valvu.

Hewa ikaingia kwa mluzi. Unyevu wake ukaganda papo hapo juu ya macho ya kamera, na dirisha la kioo la chombo likawa jeupe. Ving'ora vikalia chumba kizima.

"Ni kawaida hiyo?" baba mkwe akauliza.

"Kawaida kabisa, baba. Inapumua."

Mhandisi aliporudi, Profesa alikwisha kuilaumu kompresa, umeme, na mama wa usafi ambaye wiki hiyo alikuwa likizo.

"Valvu imefunguliwa na nani?"

"Labda imejifungua yenyewe, mama."

"Kwa spana?"

Nyumbani Profesa alimbembeleza mkewe amwambie kaka yake, yule shemeji, kwamba akiulizwa akane. Mwanamke hakupandisha hata sauti. "Nimekuvumilia ukijisifu. Kukudanganyia sitaweza. Kesho nenda kaseme mwenyewe."

Hakwenda. Shemeji ndiye aliyemsimulia mhandisi yote kwa simu, kwa furaha, akidhani anamsifu. Macho kadhaa ya kamera yalikuwa yamepasuka, na watafiti wakapoteza msimu mzima wa kutazama anga.

Hatukumfukuza, alihamishiwa viyoyozi vya ofisi, pale ambapo akiharibu, anayeumia ni karani anayetoka jasho. Kwa wakwe alitangaza kuwa amepandishwa cheo. Walimpongeza kwa adabu. Friji yao ilipogoma, baba mkwe alimwita fundi wa mtaa wa pili, na hakuna aliyemwambia Profesa.