Fundi wa Kasulu na taa iliyogoma kuzimika

Saa saba mchana, mjini Kasulu, Ildefonsi Niyomwungere anachomoza kichwa kutoka ndani ya boti ya matanga iliyoegemezwa kwenye magogo uani kwa mfanyabiashara Haidari. Ziwa Tanganyika liko mbali, kule Kigoma, lakini ndani ya boti hii kunanuka maji. Majirani hupita upande wa pili wa barabara, na ukiwauliza watakwambia wana haraka tu.

Haidari aliinunua kuukuu, akaipandisha kwa lori ili ifungwe nyaya mpya, sola na betri za lithiamu, aanze kusafiri nayo ziwani. Kazi akampa Ildefonsi, fundi aliyejifunzia sola katika kambi ya wakimbizi ya Nduta na anayeishi kwa kufufua betri za watu.

Siku ya kwanza fundi alitoa betri zote kuukuu akazishusha chini. Paneli zilikuwa bado kwenye boksi. Taa ya nyuma ya boti ikaendelea kuwaka.

“Nilidhani ni jua,” anasema. “Nikaifunika kwa kofia. Ilikuwa inawaka kweli.”

Akaufuata waya wake. Haukupita kwenye swichi yoyote. Mtu aliuficha chini ya mbao, akaupaka rangi, hadi kwenye betri ndogo chini ya kitanda. Betri yenyewe imepasuka, kavu kabisa. Akaweka mita, ikasoma sufuri. Usicheke: alienda kunywa chai na hakurudi mpaka kesho yake.

Angeukata waya ule, yangeisha. Hakuthubutu. Alikuwa mchanga mgongoni mwa mama yake, Theodosia, walipovushwa ziwa kukimbia vita Burundi. Baba yake alikuwa kwenye boti ya nyuma, ikifuata taa ya boti yao. Katikati ya maji watu wakaogopa kuonekana, wakasema taa izimwe. Boti ya nyuma haikufika.

“Aliyeishika taa ni mama,” anasema Ildefonsi. “Ndiye aliyeizima.”

Basi betri ndogo mpya ameiunganisha kwenye waya uleule, bila swichi, ili taa isije ikazimika. Haidari alikuja juu. Boti ni yake, kila taa iwe na swichi, la sivyo kuna fundi mwingine Buhigwe. Ildefonsi alimpandisha botini, akaichomoa betri ile mpya mbele ya macho yake. Wakaitazama taa ikiendelea kuwaka. Haidari akauliza ni nani anayeiwasha, fundi akajibu kwamba hajui.

“Basi iache, fundi,” akasema Haidari, akashuka bila kugusa kitu.

Mvua zikiisha, boti itarudi ziwani. Ildefonsi hana haja ya kuipanda. Anataka kumleta mama yake kutoka Kasanda, ambaye tangu avuke hajalitazama tena lile ziwa, amketishe ufukweni Kigoma jioni boti ikiondoka.

“Aitazame taa ya nyuma ikienda zake,” anasema. “Ajue hii hakuna wa kuizima. Hata yeye.”