Sentimita Mbili za Fundi Bahizi

Fundi Bahizi alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, akaja Gisenyi, mpakani na Goma, akiwa mtu mzima mwenye randa moja na misumeno miwili. Karakana yake iko njia ya Rubona, pale ambapo upepo ukigeuka huleta harufu ya kiwanda cha bia. Anatengeneza vitanda, viti, milango, na majeneza pia ikibidi. Ni mtu wa kunyoosha vitu. Akiingia kwako akakuta picha imeinama ukutani, hamalizi chai yake kabla hajainuka kuinyoosha. Haya ninayoyaandika kanisimulia mwenyewe, na mengi aliyasema akiwa ameinamisha macho.

Kituo cha afya kilimwagiza mbao kumi na nane za kupimia urefu wa watoto. Kazi yenyewe si ngumu. Mtoto mdogo hulazwa chali juu ya ubao, kichwa kikigusa kibao kilichosimama upande mmoja. Kibao kingine husogezwa mpaka kwenye nyayo, na urefu husomwa kwenye utepe uliogundishwa kando. Washauri wa afya wa vijiji ndio wangezitumia kila mwezi, na namba zao ndizo zingeonyesha watoto wangapi wamedumaa na nani apewe unga wa lishe. Muuguzi mkuu, mama aitwaye Iribagiza, alimletea ubao mmoja kutoka nje uwe mfano.

Bahizi aliufuata mfano ule isipokuwa kwa jambo moja. Kwenye mfano, utepe ulianzia pale kichwa cha mtoto kinapogusa. Yeye aligundisha tepe zote kwanza, kuanzia ncha ya ubao, ndipo akapigilia vibao vya kichwa juu yake. Kila kibao kilikuwa na unene wa sentimita mbili. Sentimita mbili za kwanza zikafichwa chini yake. Hakuona, wala mtu mwingine hakuona. Tangu siku hiyo kila mtoto aliyelazwa kwenye mbao zile alisomeka mrefu kuliko alivyo.

Baada ya mwaka mmoja kukawa na sherehe ofisini kwa kata. Udumavu ulikuwa umeshuka: watoto kumi na tisa katika kila mia, na mwaka uliotangulia walikuwa thelathini na mmoja. Fanta zikafunguliwa. Mtu mmoja akasema tusisahau fundi wetu aliyetupatia vipimo. Bahizi akasimama na shati lake lililopigwa pasi, watu wakampigia makofi. Mkewe, Mukamusoni, aliyekuwa amekaa safu ya pili, alifuta machozi.

Wiki mbili baadaye Nyirasafari, mshauri wa afya wa kijiji cha juu ya ziwa, alifika karakana na ubao wake kichwani. Nyirasafari kakulia huku huku mpakani, na Kiswahili chake ni cha Goma.

"Muzee, hii kitu iko nacheza," alisema. "Batoto banarusha miguu sana, kichwa imeshalegea. Unitengenezee, kesho kutwa mi napima."

"Niachie, Mama Igor. Jioni njoo uchukue."

Akang'oa misumari, akainua kibao cha kichwa. Chini yake ilikuwapo alama ya sifuri, safi kama siku alipoigundisha, kisha moja, kisha mbili. Aliziangalia kwa muda. Akachukua futi yake akapima, akapima tena, ingawa alishajua. Aliniambia kwamba masikio yalimwaka moto kama mtoto aliyezabwa kofi mbele ya darasa.

Kilichomfanya anyamaze ni yale makofi. Alijiambia sentimita mbili ni kitu gani, mtoto anakua kila siku. Alijiambia atakwenda kituo cha afya wiki ijayo, akishapata maneno ya kusema. Akabandua utepe, akaugundisha upya pale unapostahili kuanzia, akapigilia kibao. Jioni Nyirasafari alikuja na sahani ya sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Hii ni ya asante," alisema. "We ni muzee muzuri, haukawishe kazi."

Bahizi akapokea, akashukuru, akatabasamu. Wale samaki aliwapa majirani.

Siku ya kupima ilipofika, watoto wote wa kijiji cha Nyirasafari walionekana wamepungua. Akarudia kuwapima mmoja mmoja, namba zikawa zilezile, akaziandika kama zilivyo. Mwezi uliofuata mambo yakawa vilevile: watoto kumi na wawili waliingia kwenye rangi nyekundu, ya waliodumaa, na vijiji jirani hali ni njema. Kwenye kikao cha kituo cha afya Iribagiza alimsimamisha mbele ya wenzake. Ama ulikuwa unatuandikia uongo mwaka mzima, alimwambia, ama sasa umesahau kupima. Wakamnyang'anya daftari na kumwambia apumzike kwanza. Ubao wenyewe ulibaki kwake, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuuchukua.

Bahizi alizipata habari hizo kwa Liliane, anayeuza nyanya Goma, aliyepita karakana kuchukua stuli yake. Mgongoni alikuwa na binti yake, Umwali, wa miezi kumi na mitano.

"Huyu mtoto alikuwa na sabini na moja na nusu," Liliane alisema kwa hasira. "Mwezi ukapita, Nyirasafari ananiambia sabini na kidogo. Mtoto wangu anarudi nyuma? Bamama wote tulimwambia, wewe unatupunguzia batoto!"

Bahizi aliangalia miguu ya Umwali iliyotokeza kwenye kitenge. Ilikuwa miguu midogo. Mtu aliyezoea kukadiria mbao kwa macho hukadiria na vitu vingine bila kutaka. Akamfungia Liliane stuli kwa kamba.

Usiku huo wakila, Mukamusoni alisema, "Kumbe yule mwanamke alikuwa anaandika uongo. Na mimi nilimwona mtu wa kweli."

"Labda," Bahizi akajibu.

Kati ya yote, hilo ndilo alilonisimulia kwa shida zaidi. Kukosea kugundisha utepe kunaweza kumpata fundi yeyote, alisema. Lakini neno lile alilitamka akiwa na akili zake timamu, kijiko mkononi, mke wake akimwangalia na kumwamini.

Siku chache baadaye Nyirasafari alirudi karakana. Alikuwa amekonda, na hakukaa alipoonyeshwa kiti.

"Muzee, nakuomba kitu. We ndiye fundi. Twende kwa Iribagiza, useme ubao iko sawa, ulitengeneza vizuri. Mi nikisema peke yangu habaniamini. Wewe batakuamini."

Bahizi alitamani kusema ana kitanda cha kumalizia. Kitanda kilikuwapo kweli, mbele yao, bado hakijapigwa vanishi. Akavua aproni, akaenda kunawa mikono kwenye pipa, akainawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Walikwenda kwa miguu, Nyirasafari ametangulia na ubao kichwani. Iribagiza aliwapokea chumba cha chanjo, kinamama wawili wakisubiri kwenye benchi na vitoto vyao.

"Ubao huu ni sahihi," Bahizi alisema.

Nyirasafari akashusha pumzi. "Mnasikia?"

"Huu ni sahihi," Bahizi akarudia, "kwa sababu niliurekebisha. Zile nyingine kumi na saba ndizo mbovu. Zinaongeza sentimita mbili kwa kila mtoto. Nilizikosea mimi, tangu siku ya kwanza."

Iribagiza akainuka. Alitoka, akarudi na ubao wa akiba, mmoja wa zile kumi na saba, akaweka futi ndani kuanzia kwenye kibao cha kichwa. Kwenye hamsini ya futi, utepe ulisoma hamsini na mbili. Akakaa.

"Tulipeleka hizi namba wilayani," alisema taratibu. Kisha, "Umejua lini, Mzee?"

"Wiki tisa zilizopita."

Nyirasafari alikuwa amesimama kando ya mlango. Bahizi alimwona akihesabu nyuma, wiki kwa wiki, midomo ikitikisika, mpaka akafika.

"Ile siku nilileta sambaza," alisema.

"Ndiyo."

"Donc, kumbe ulikuwa najua, ukanipa ubao, ukacheka na mi."

"Nisamehe, Mama Igor."

Nyirasafari akajitwika ubao wake, akatoka. Kinamama wa kwenye benchi waliinamia watoto wao, kama watu wanaoona kitu ambacho hawakupaswa kukiona.

Mbao zilikusanywa wiki hiyo hiyo, Bahizi akazitengeneza zote bila malipo. Iribagiza alikata bomba la chuma la sentimita hamsini kamili, na tangu hapo kila ubao hupimwa kwa bomba lile kabla ya kulazwa mtoto. Watoto wa kata walipimwa upya. Arobaini na sita waliokuwa wakihesabiwa wazima waliingizwa kwenye orodha ya unga wa lishe. Ripoti ikaandikwa tena, safari hii bila Fanta. Nyirasafari alirudishiwa daftari lake, na Iribagiza alimwomba radhi mbele ya kikao kilekile.

Bahizi aliuliza kama watoto hao watapona. Iribagiza, ambaye si mtu wa kupamba maneno, alimwambia walio chini ya miaka miwili bado wana nafasi nzuri. Kati ya arobaini na sita, kumi na mmoja walishapita miaka hiyo wakati ule wa makofi. Bahizi akaomba majina yao. Akakataliwa.

Lakini aliombwa afike kijijini, awaeleze kinamama mwenyewe. Alisimama mbele yao na kofia mkononi, akasema aliyoyasema kituoni. Liliane alimsikiliza hadi mwisho, Umwali akiwa amelala begani.

"Kwa hiyo mtoto wangu hakupungua?"

"Hakupungua. Alikuwa hivyo toka mwanzo."

Liliane alimweka mtoto vizuri begani. "Na mimi nilikuwa nafurahia," alisema. "Kila mwezi nilikuwa narudi nyumbani nimefurahi."

Bado ana wateja. Watu wa Rubona hawakumtenga, na wengine husema alikuwa jasiri kwenda kusema, maneno ambayo humfanya ainuke na kutafuta kazi ya kushika. Nyirasafari naye hupita pale karibu kila siku akishuka ziwani. Zamani alikuwa akimpigia kelele za utani toka barabarani, kwa Kiswahili chake cha Goma. Sasa humsalimia kwa Kinyarwanda, kwa adabu yote, kama asalimiwavyo mgeni, na kuendelea na safari yake.