Pua ya Telesia

Kwa miaka mingi, ukialikwa sherehe mitaa ya karibu na stendi ya Makambako, ulijua chakula kimepikwa na Telesia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, na jambo moja hakumwambia mtu: hakusikia harufu ya kitu chochote. Mafua yalikuwa yamemganda. Paji la uso lilimgonga, pua iliziba, na ule upepo wa Makambako wenye vumbi ukikutana na moshi wa kuni, ndio uliommaliza kabisa. Alipika kwa macho na ulimi.

Hatimaye akaenda hospitali Njombe. Akaambiwa ni sainasi sugu, akapewa dawa ya kupuliza puani kila siku. Pua ikaanza kufunguka. Lakini damu nayo ikaanza kutoka.

Mwanzoni ilikuwa madoa tu kwenye leso. Kisha, siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani, akiwa ameinamia sufuria la nyama, ikamchuruzika. Aliruka nyuma upesi, hakuna tone lililoingia, ila watu walikwisha kuona. Akainua uso juu kama alivyozoeshwa utotoni. Damu ikamshukia kooni, akatapika mbele ya wageni. Nyama yote ikamwagwa.

Tangu hapo hakuna aliyemwita kupika. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ana ugonjwa mbaya. La kurogwa alilicheka. Hilo la pili lilimnyima usingizi, maana hata yeye alikuwa ameanza kuliamini. Dawa akaitupa kabatini. Pua ikaziba upya, maumivu yakarudi.

Zita, aliyekuwa akipika naye siku zote, alimfuata nyumbani.

"Dada Telesia, unasubiri nini hapa? Twende Njombe."

"Wakisema ni kansa je?"

"Tutaisikia wote wawili. Vaa viatu."

Hospitalini walimkuta Daktari Lidia, mama mpole asiye na haraka. Alipima presha, akammulika puani upande mmoja, akahamia wa pili. Telesia alishika ukingo wa kiti.

"Mama, sioni uvimbe wowote," daktari alisema. "Huu ukuta wa katikati umekauka na kuchubuka. Hebu nionyeshe unavyopuliza dawa."

Telesia akatoa kichupa mkobani, akakishika kwa mkono wa kulia, akakielekeza tundu la kulia, moja kwa moja kwenye ule ukuta.

"Basi ndiyo hapo! Dawa yote inapiga kwenye kidonda. Tundu la kulia tumia mkono wa kushoto, uelekeze nje, upande wa sikio. Dawa ipumzishe kwanza mpaka palipochubuka papone. Safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, paka mafuta ya mgando kidogo. Na damu ikitoka usiinue kichwa. Kaa, inama mbele, bana hapa palipo laini, upumue kwa mdomo. Dakika kumi, bila kuchungulia. Ikigoma kabisa, njoo."

Telesia akaangua kilio. Zita, aliyekuwa mlangoni, akaingia mbio akidhani mambo yameharibika.

"Ni mkono tu, Zita," alisema huku anacheka na machozi yanatiririka. "Nilikosea mkono!"

Majuma yakapita, kidonda kikapona, akaanza tena kupuliza dawa, safari hii kwa mkono sahihi. Asubuhi moja walikuwa uani kwa Zita wakipiga soga, mara Telesia akainua pua.

"Zita, vitunguu vyako vinaungua."

Zita akakimbilia ndani. Kweli, vilikuwa vimeshika chini. Telesia alibaki palepale akivuta ile harufu ya kuungua kana kwamba ni marashi.

Kazi zilirudi polepole, watu waliposikia kwamba hana ugonjwa mbaya. Kwenye ubatizo mmoja huko Yakobi, baridi ilipokuwa kali, damu ilimtoka tena. Safari hii alimkabidhi Zita mwiko, akasogea mbali na mafiga, akakaa kwenye gogo, akainama na kubana pua. Shangazi wa mtoto akaja ana wasiwasi.

"Mama, tukuitie gari?"

Telesia akatikisa kichwa. "Pua imekauka tu, mwanangu," alijibu kwa sauti ya kubanwa. "Waambie wageni wasiondoke. Ikikata nanawa, tunapakua."